Sura ya Nne: Wamesoma, Mbona Hawakuona?

Kila masika, maji yanapofunika Barabara ya Morogoro pale Jangwani, jijini Dar es Salaam, swali ni lilelile. Utalisikia kwenye daladala iliyobadilishiwa njia, kwenye kijiwe cha kahawa, na siku hizi kwenye makundi ya simu: hawa waliopanga mji wamesoma, mbona hawakuona? Swali lina hasira ndani yake, na mara nyingi hujibiwa kwa neno moja tu: wamekula.

Wakati mwingine jibu hilo ni la kweli. Shida yake ni kwamba linatuaminisha kuwa tukipata viongozi wasafi, wenye huruma na wachapakazi, maamuzi yatanyooka yenyewe. Afrika Mashariki ina historia ndefu ya maamuzi ya mazingira yaliyofanywa na watu ambao hakuna aliyewatuhumu kuiba, wenye nia njema kabisa, na yakaharibika vibaya. Sura hii inawahusu hao. Tumezoea kuhofia hasira ya kiongozi, chuki yake na tamaa yake. Mimi nahofia zaidi huruma yake anapokuwa na haraka, fahari yake anapokuwa ametoka kushinda, na aibu yake anapotakiwa kurudi nyuma. Hisia hizi tatu tunazisifu, kwa hiyo hakuna anayezikagua.

Karanga za Kongwa

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imeshinda Vita vya Pili vya Dunia lakini haina mafuta ya kula. Siagi na majarini vilipatikana kwa mgawo. Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, akapeleka wazo serikalini: karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine, kwa wingi usiowahi kuonekana. Ujumbe wa watu watatu ukatumwa, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika. Wakazunguka kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi wakiitazama kutoka kwenye ndege. Waliporudi walikuwa na mpango: zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kwa pauni milioni 24 ndani ya miaka sita. Kazi ianzie Kongwa.

Kongwa ni Ugogo. Mvua huko ni ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na ina tabia ya kuja pungufu au kukata katikati. Wagogo walikuwa wafugaji, na shambani walitegemea mtama na uwele, nafaka zinazovumilia ukame. Chakula cha watu wa mahali ni ripoti ya hali ya hewa iliyoandikwa kwa karne kadhaa, lakini wageni hawakuisoma.

Udongo nao ulikuwa na habari yake. Una mfinyanzi mwingi: ukilowa unalimika, ukikauka unakuwa sakafu. Sasa karanga ina tabia yake ya pekee. Maua hutoka juu, kisha kikonyo huinama na kuingia ardhini, na ganda hukua huko chini. Mkulima wa karanga anataka udongo tifutifu wakati wa kuzaa na wakati wa kung'oa. Pale Kongwa msimu wa kung'oa ndio ulikuwa msimu wa udongo kukazana. Mashine zikavunjika vyuma.

Kabla hata ya kufika kwenye karanga, palikuwa na msitu wa miiba wa kufyeka na mibuyu ya kung'oa. Matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, kwa hiyo yakanunuliwa mabaki ya jeshi, mengine kutoka Ufilipino, yakiwa yamechoka tayari. Vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Minyororo mizito ya nanga za meli ikaburutwa kati ya mashine mbili ili kuangusha vichaka. Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizolimwa zilikuwa elfu chache tu. Badala ya kusimama, mradi ukapanuka: Urambo upande wa magharibi, Nachingwea upande wa kusini, na reli na bandari mpya ya Mtwara kwa ajili ya mavuno ambayo hayakuwa yamepatikana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta. Zilikuwa zimeteketea pauni milioni 36 hivi.

Sijaona kitabu cha historia kinachosema Samuel, Wakefield au waziri wa chakula John Strachey walijitajirisha kwa karanga hizo. Walitaka kuwalisha watu wao, na waliamini kwa dhati kwamba Tanganyika nayo ingefaidika. Ndiyo maana kisa hiki kinafaa kufundishia kuliko visa vya wizi.

Huruma yenye haraka

Hisia ya kwanza pale ilikuwa huruma. Akina mama wa Uingereza walikuwa wakipanga foleni kwa kipande cha siagi. Kiongozi anayeona dhiki kila siku humwona anayesema "tusubiri tupime mvua misimu mitatu" kuwa hana moyo. Huruma ni nzuri kwa kuchagua tatizo la kushughulikia. Kwa kuchagua ufumbuzi, inafupisha muda, na muda ndio hasa unaotakiwa pale unapoigusa ardhi usiyoijua.

Haraka hii hushirikiana na zoea jingine la akili, ambalo wanasaikolojia, yaani wachunguzi wa fikra na tabia za watu, huliita kosa la mpangaji. Maana yake ni kupanga kazi kwa kutazama hatua zako mwenyewe tu, bila kuuliza kazi kama hiyo iliwachukua wengine muda gani. Kila aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi analijua. Bajeti ya kwanza ni milioni kumi, kila kitu kimeorodheshwa, ukumbi, chakula, mapambo, na hakuna anayemuuliza mzee aliyeozesha mwaka jana kwamba yake iliishia ngapi.

Daniel Kahneman, mwanasaikolojia aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyonaswa. Alikuwa katika kundi lililoandika kitabu cha kiada huko Israeli. Akawaomba wenzake wakadirie lini watamaliza; wote wakataja takriban miaka miwili. Kisha akamgeukia mtaalamu wa mitaala aliyekuwa miongoni mwao, akamuuliza makundi mengine ya aina hiyo yalichukua muda gani. Yule bwana akafikiri, akakiri kwamba karibu asilimia 40 hayakumaliza kabisa, na yaliyomaliza yalichukua miaka saba au zaidi. Muda mfupi kabla ya hapo, yeye pia alikuwa ameandika miaka miwili. Taarifa ilikuwa kichwani mwake na haikumsaidia, kwa sababu swali halikuigusa. Kitabu kilikamilika baada ya miaka minane.

Fahari ya aliyetoka kushinda

Watu waliokuwa wamevusha majeshi kwenda Normandy mwaka 1944 wangeshindwa na vichaka vya Ugogo? Hivyo ndivyo walivyojiona. Mradi ukazungumzwa kwa lugha ya vita. Watumishi wake waliitwa jeshi la karanga, na mwaka 1948 shughuli za uwanjani zikawekwa chini ya Meja Jenerali Desmond Harrison. Lugha hii si pambo. Ukishasema "vita dhidi ya msitu", anayeuliza kama vita yenyewe ilikuwa na haja anageuka kuwa msaliti, na anayeleta vipimo vya udongo anaonekana mwoga. Sisi nasi tunayo lugha yetu: operesheni, mapambano, kampeni ya kufa na kupona. Inahamasisha watu kuchimba mitaro, nakubali. Ila inapoingia kwenye chumba cha maamuzi, hesabu hutoka kimyakimya.

Fahari ina tatizo la pili. Ushindi wa jana ni wa kweli, kwa hiyo kiongozi hajidanganyi anaposema ana uwezo. Anachokosea ni kudhani kwamba uwezo unahamishika. Kujua kusafirisha mizinga hakumfundishi mtu kikonyo cha karanga kinataka nini.

Aibu ya kurudi nyuma

Chukua mtu aliyenunua kiwanja kwa bei nzuri mno. Anapoanza kujenga, fundi anamwambia: mzee, hapa maji hupita. Msingi umeshachimbwa na nondo zimefungwa. Atajibu nini? Katika kumi, tisa watasema, "Nimeshamwaga zege, tuendelee, tutainua ukuta." Zege lile ni gharama iliyozama: fedha au nguvu iliyokwisha kutumika, ambayo hairudi ukiendelea wala ukiacha. Kwa kuwa hairudi kwa vyovyote, haipaswi kuingia kwenye hesabu ya hatua inayofuata. Lakini ndiyo inayosema kwa sauti kubwa kuliko zote, na sababu yake ni aibu. Kuacha ni kukiri mbele ya mke, mashemeji na majirani kwamba mamilioni yale yalikwenda bure.

Kwa mwenye nyumba, hasara ina mpaka: siku moja mfuko utatoboka. Kiongozi anatumia mfuko wa watu wengine, ila aibu ni yake peke yake. Ndiyo maana miradi ya umma hudumu katika makosa kwa muda mrefu zaidi. Kongwa, kila dalili ya kushindwa ilijibiwa kwa kuongeza: maeneo mapya, mashine zaidi, kisha zao jingine, alizeti, ambayo nayo ukame uliichoma. Mwishoni mwa 1949 wajumbe wawili wa bodi ya shirika lililoendesha mradi waliondolewa, Wakefield na John Rosa, wote wawili wakiwa katika ule ujumbe wa 1946. Waziri akabaki.

Kwa ufupi: huruma ilifupisha muda wa kupima, fahari ilimnyamazisha aliyekuwa na shaka, aibu ikazuia kusimama. Hakuna hata moja kati ya hizo ambayo mkaguzi wa hesabu angeiandika kwenye ripoti yake.

Mbuzi kibogoyo mahakamani

Tuvuke mpaka tuingie Kenya, kaunti ya Baringo. Baada ya ukame mkali wa miaka ya 1970, serikali na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa walitafuta mti wa kurudisha kijani katika nchi kavu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapandwa karibu na Marigat mti wenye asili ya Amerika, ambao wenyeji wanauita mathenge. Uliahidiwa kuota bila kumwagiliwa, kuzuia vumbi na kutoa kuni. Ahadi zote ulitimiza.

Hapa akili ilifanya mchezo wake mwingine: ikipewa swali gumu, hulibadilisha kimyakimya na jepesi, ikajibu hilo, na ikadhani imejibu lile la kwanza. Swali gumu lilikuwa: mti huu utafanya nini kati ya mifugo, mito na malisho ya watu hawa baada ya miaka ishirini? Swali jepesi: je, unaota? Unaota mno. Mathenge ikafunga njia za mifugo na kumeza malisho na mashamba. Mbuzi wakayapenda maganda yake matamu. Sukari ikanasa kwenye meno, meno yakaoza, na mbuzi asiye na meno hufa njaa huku amesimama kwenye majani. Mwaka 2006 Wailchamus, wafugaji wa eneo hilo, walikwenda mahakamani Nairobi kuishtaki serikali, na miongoni mwa vielelezo vyao alikuwamo mbuzi kibogoyo. Mwaka 2008 Kenya ikautangaza mti huo rasmi kuwa gugu haribifu.

Napenda kisa cha yule mbuzi kwa sababu ni jibu la kitaalamu kuliko linavyoonekana. Wazee wale walileta mahakamani kipimo ambacho mpango haukuwa nacho.

Na kama uamuzi mbaya ukileta fedha?

Msomaji wa Mwanza atakuwa na swali lake hapa, na ni la haki. Sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta, hakuwa samaki wa Ziwa Victoria. Alipandikizwa na maofisa wa kikoloni katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili ziwa lililojaa samaki wadogo litoe mnofu. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alionya mwaka 1960 kwamba mnyama mla wenzake akiingizwa hatoki tena. Miaka ya 1980 sangara akafumka. Mamia ya aina za furu, wale samaki wadogo ambao wengi hawapatikani popote pengine duniani, wakapungua vibaya au kutoweka kabisa. Hata miti ya ufukweni iliguswa: sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri juani kama dagaa, hutaka moshi, na moshi hutaka kuni.

Lakini viwanda vikajengwa, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na maelfu ya familia zikasomesha watoto. Je, ulikuwa uamuzi mbaya? Nasema ndiyo, na najua wengi hawatakubaliana nami. Waliopandikiza hawakujua kitakachotokea na hawakuwa na njia ya kurudi. Kwamba baadaye fedha ilipatikana hakumaanishi kwamba walijua. Kuhukumu uamuzi kwa matokeo tu ni zoea la hatari kwa sababu linamfundisha kiongozi anayefuata kubahatisha. Anayeendesha usiku bila taa akafika nyumbani salama bado aliendesha bila taa.

Waliorudi bondeni

Sasa Jangwani. Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata mvua kubwa isiyoonekana tangu uhuru. Watu wapatao 40 walikufa, na serikali ikawahamishia baadhi ya waathirika Mabwepande, pembezoni kabisa mwa jiji. Baada ya muda wengine wakarudi Bonde la Msimbazi, ilipo Jangwani, na lawama zikawaangukia: wabishi, hawasikii.

Mazoea yamo, sikatai. Akili hupima hatari kwa kumbukumbu iliyo karibu. Miaka miwili ikipita bila maji kuingia ndani, alama ya tope ukutani inageuka kuwa rangi ya ukuta. Lakini mpe haki yake aliyerudi. Kutoka bondeni hadi Kariakoo ni mwendo wa miguu. Kutoka Mabwepande, nauli ya kwenda na kurudi inakula faida ya sinia la ndizi. Yeye alilinganisha mafuriko ya siku chache kwa mwaka na njaa ya kila siku. Unaweza kuichukia hesabu yake, lakini hesabu aliifanya.

Aliyenishangaza mimi ni mwingine. Katika bonde hilohilo, ambako watu walikuwa wakiondolewa kwa sababu ya maji, ndiko ilikojengwa karakana ya mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kazi mwaka 2016. Mvua zikaja, mabasi yakasimama ndani ya maji, zaidi ya mara moja. Karakana haikuwa na nauli ya kuogopa wala ndizi za kuuza. Eneo lilikuwa wazi, karibu na barabara, na inaelekea kulipata kulikuwa rahisi kuliko kulipa fidia kwingine. Swali jepesi likajibiwa mahali pa gumu, kama Baringo.

Kinachoweza kusaidia

Kumwambia kiongozi "usiongozwe na hisia" ni kupoteza pumzi. Asiye na hisia hangeomba kura. Kinachowezekana ni kupanga kikao kwa namna ambayo hisia italazimika kujibu maswali kabla ya kusaini. Kwa uamuzi wowote unaogusa ardhi, maji au viumbe, ningeanza na haya:

- Watu wa hapa wanakula nini, wanafuga nini, na kwa nini wao wenyewe hawakufanya hiki tunachokileta?
- Waliofanya kazi kama hii kwingine walimaliza lini, na kwa kiasi gani?
- Tukikosea, tunaweza kukitoa? Tangi la maji linabomolewa. Samaki haondolewi ziwani.
- Nani ataaibika tukisimama, na je, huyo ndiye anayepiga kura ya kuendelea?

La mwisho ndilo linalowaudhi watu zaidi. Dawa yake inajulikana na ni ya kiutawala tu: anayeanzisha mradi asiwe ndiye anayeamua kama uendelee, na kiwango cha kusimama kiandikwe kabla ya kuanza, kwa tarakimu, wakati bado hakuna zege la mtu.

Mwanasaikolojia wa Kimarekani Gary Klein anapendekeza zoezi lililo rahisi kuliko yote. Kabla ya kupitisha mpango, wajumbe huambiwa: chukulia muda umepita na mradi umekufa kabisa, kila mmoja aandike kwenye karatasi umekufa kwa nini. Zoezi hili linafanya kazi kwa sababu linageuza heshima. Kwenye kikao cha kawaida, anayeonyesha tundu anaonekana mpinzani wa mkubwa. Hapa, kuonyesha tundu ndiyo kazi aliyotumwa na mkubwa. Kwa ofisi zetu, ambako kijana wa takwimu anamwita mkurugenzi "mzee" na hawezi kumkatiza, hilo ni jambo kubwa.

Nelson Mandela alieleza katika kumbukumbu zake kwamba mlezi wake, Jongintaba, mtawala wa Wathembu, alikuwa akisikiliza baraza zima, akilaumiwa waziwazi, na kuzungumza mwisho kabisa. Utaratibu huo ni mzuri, na wazee wengi wa huku wanaujua. Lakini una tundu. Mwenyekiti anaweza kunyamaza saa tatu na bado kila mjumbe akajua anachotaka, kwa sababu wiki iliyopita aliuahidi mradi kwenye mkutano wa hadhara. Ukimya wake hapo hausaidii kitu. Wajumbe wanasubiri posho. Mradi ukishatangazwa jukwaani una mwenye aibu tayari, hata kama hakuna shimo lililochimbwa. Strachey alipotangaza mpango wa karanga mwaka 1946, Kongwa haikuwa na shamba hata moja la majaribio. Kuanzia siku hiyo, mtu wa kusema "tujaribu ekari mia kwanza, tungoje misimu mitatu" alikuwa amechelewa.